Kitambaa cha Kuchujia Dawa

Ilianza Jumatano, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Dakika naijua kwa sababu saa ya maabara imetundikwa juu ya sinki, na mimi nilikuwa naikodolea macho ili nisimtazame mtu usoni. Mwalimu wa baiolojia alifungua lile boksi la katoni tulilolitia balbu ndani libaki na joto, akatoa visahani vyangu viwili, akaviinua kwenye mwanga wa dirisha, halafu akapiga yowe kama mtu aliyepasua jiwe akakuta linang'aa.

"Aisee! Njooni muone! Njooni hapa muone wenyewe!"

Kidato cha Tatu kizima kikamzunguka. Mimi, mwenye visahani, nikasukumwa mpaka nyuma kwenye ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Sikusema kitu. Huwa sisemi kitu, ndiyo maana naandika.

Nieleze visahani vyenyewe. Ndani vina ute mgumu kama jeli, na juu ya ute tulipaka uchafu wa kucha za rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Katikati tukaweka kipande kidogo cha karatasi kilicholowekwa kwenye maji ya majani. Ukivifunika siku mbili kwenye joto, bakteria wanaota na kufunika ute wote kama ukungu. Majani yakiwa na nguvu ya kuwaua, pale kuzunguka karatasi panabaki peupe, hapaoti kitu. Yakiwa hayana nguvu, ukungu unakuja mpaka kwenye karatasi yenyewe.

Kisahani B kilikuwa na pete nyembamba nyeupe, upana wa kichwa cha kiberiti. Kisahani A kilikuwa cheupe karibu chote.

"Yaani wadudu wa kucha zangu wote wamekufa?" rafiki yangu akasema. "Mimi naomba ndoo ya hiyo A nikaogee."

"Wewe kunywa kabisa, labda na tumboni mna kucha," mwingine akamjibu, wakacheka.

Mwalimu hakucheka. Alikuwa anakigeuza kisahani A taratibu, macho yamemtoka. "Hii ni dawa," akasema. "Hii siyo mchezo, hii ni dawa kamili. Hii inatupeleka kwenye maonyesho ya mkoa."

Majani ni ya bibi. Bibi anaishi kijijini Samuye, na mti wake uko nyuma ya zizi. Jina la mti silitaji hapa, kwa sababu kwetu ukienda kuchuma huutaji jina. Unafika asubuhi kabla hujaongea na mtu, unausalimia mti mwangaluka kama unavyomsalimia mtu mzima, unachuma upande jua linakotokea, unaondoka. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi kwa nini tusiutaje. Akasema, "Ukiitwa kila saa na wewe hutachoka?" Basi. Bibi anachemsha majani hayo kwenye chungu, anakiepua, anakiacha usiku mzima kitulie, asubuhi anachota maji ya juu tu. Yaliyobaki chini anamwagia chini ya mti uleule. Hachuji kwa kitu chochote. Anawapa watu wenye kikohozi na watu wenye tumbo baya, na mtu akiumwa kitu kingine anamwambia nenda hospitali, mimi si hospitali.

Mimi siishi kwa bibi. Naishi Geita kwa mama mdogo, mdogo wake mama, tangu mama alipofariki. Mamdogo anafanya kazi mwaloni, kule wanakoosha mchanga uliotoka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na pembeni anauza dawa ya bibi kwa wachimbaji. Majani yanakuja na basi kwenye gunia. Vumbi la mawe linawakaa vifuani, wanakohoa mpaka wanashika ukuta. Kila asubuhi wanapita kwetu kabla ya kushuka shimoni, wanakaa kwenye benchi, wanakunywa kikombe kimoja kimoja, wanamwambia wabeja, yaani asante. Mamdogo anafanana na mama kwa sauti. Hilo nalo niliandike, maana huko mbele nitamsema vibaya.

Mwalimu alipotangaza maonyesho ya sayansi na kutaka kila mtu alete wazo, mimi sikunyoosha mkono. Niliandika kwenye karatasi nikaiweka mezani kwake akiwa hayupo. Wiki iliyofuata akanipa ruhusa. Tukaanza na kupima kilichomo. Tulitikisa maji ya majani kwenye mrija mpaka yakatoa povu, na povu likakaa, likakaa, kengele ikalia bado lipo. Mwalimu akasema hiyo ni saponini. Tukadondosha kloridi ya chuma, maji yakageuka ghafla yakawa meusi kama wino. Hiyo tanini, ndiyo inayokausha ulimi. Nilifurahi jinsi ambavyo sijui kueleza. Bibi hajasoma, ila kila siku anatafuna kwanza jani moja na kusema, "Likikausha mdomo linafaa." Alikuwa anapima tanini kwa ulimi.

Baada ya hapo ndiyo tukaja kwenye visahani. Mwalimu alisema nilete dawa tayari ilivyo, hivyo chupa A niliichota nyumbani kwenye ndoo ya mamdogo. Chupa B niliitengeneza mwenyewe pale maabara, kwa majani ya gunia lilelile, kwa jinsi ya bibi: nikachemsha, nikaacha itulie mpaka kesho yake, nikachota juu. Nilitaka tu kuona kama mimi naweza. Hiyo ndiyo sababu, hakuna sababu ya kisomi.

Sasa turudi Jumatano. Mwalimu alishika daftari langu, akasoma nilichoandika, akachukua kalamu nyekundu akakata ukurasa wote wa B. Mstari mmoja toka kona mpaka kona.

"Hii B umeiharibu. Umeunguza majani," akasema.

"Majani ni yale yale, Mwalimu."

"Unasemaje? Ongea kwa sauti."

"Hakuna kitu, Mwalimu."

"Basi andika A peke yake. Wageni wa wilaya wanakuja Ijumaa. Unataka waone hako kapete? Watasema tumewaita kuja kuangalia nini? Kesho saa moja na nusu uwe hapa uandike bango."

Nikaandika A peke yake. Na niwe mkweli, niliandika nikiwa nimefurahi. Rafiki yangu aliniita daktari toka mapumziko mpaka kengele ya mwisho, nami nikacheka kwa kujifunika mdomo. Nilijiona kwenye jukwaa mkoani. Kwa muda wa saa tano nzima nilikuwa mtu mwenye furaha sana, na nikikumbuka sasa hivi nataka kujichapa makofi.

Furaha ilianza kuharibika njiani. Kutoka shule mpaka kwetu ni mwendo wa dakika arobaini kwa mguu, na mtu asiyeongea anafikiri. Nilikuwa najiuliza nimekosea wapi kwenye B. Majani ya gunia moja. Maji ya bomba moja. Kuchemsha, nilichemsha muda uleule. Sikuunguza, ningeunguza pangenuka. Halafu nikageuza swali: labda B haina kosa. Labda B ndiyo majani yenyewe, na A ina kitu cha ziada. Bodaboda akanipigia honi nikaruka pembeni, akanitukana, sikumsikia vizuri.

Nilipita mwaloni kusalimia. Mamdogo alikuwa amechutama mbele ya karai, mikono imo ndani mpaka viwiko, anachanganya zebaki na mchanga mweusi. Zebaki inashika chembe za dhahabu, mchanga unaondoka na maji. Kazi hiyo nimeiona tangu nikiwa darasa la pili.

"Shikamoo, Mamdogo."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Afadhali umekuja. Kitambaa changu kimechanika tena. Kimbia nyumbani uniletee kile cha kuchujia dawa, kiko kwenye kamba."

Nikakimbia. Ni kipande cha shuka jeupe, zito, uzi wake umebanana. Nikakitoa kwenye kamba juu ya ndoo ya dawa, nikampelekea. Akakikunja mara mbili, akamimina ndani yake ule uji wa zebaki, akakikusanya, akakisokota, akakamua. Zebaki ikapenya kwenye uzi ikadondoka kwenye kopo kama jasho linalong'aa, na ndani ya kitambaa likabaki donge la kijivu, ukubwa wa punje ya hindi, tayari kuchomwa libaki dhahabu tupu. Akakikung'uta. Akakisuuza kwenye ndoo, akanirudishia.

"Kakianike palepale. Jioni nachujia."

Nikasimama nacho mkononi, kina maji, kizito. Huo mkono wangu umekibeba kitambaa hicho mara ngapi? Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Nimekifua mwenyewe kwa sabuni ya unga, nikakisifu kuwa cheupe. Kila mtu mwaloni anasema kitambaa kinachokamua zebaki ndicho kinachochuja vizuri, maana kama hakipitishi hata chembe ya dhahabu, makapi ya majani yatapita wapi? Hakuna aliyejiuliza zebaki yenyewe inabaki wapi.

Niliondoka bila kuaga. Nyumbani nikakitupia kitambaa kwenye kamba, mbali na ndoo. Ndoo ya asubuhi ilikuwa na mabaki kidogo chini, maji mazito ya kahawia. Sina mashine ya kupimia. Lakini mimi ni mtoto wa mwaloni, kuosha najua. Nikachukua karai dogo jeusi, nikamimina yale mabaki, nikaongeza maji, nikaanza kulizungusha na kuliinamisha kama tunavyofanya kutafuta dhahabu. Majani yaliyosagika yakatoka na maji. Nikaongeza maji tena. Nikainamisha tena. Mara ya nne, chini ya karai, kwenye mkunjo, kulikuwa na vitone vitatu. Vidogo kama mbegu za mchicha, ila vyeupe, vinang'aa. Nikalitikisa karai. Vikakimbiliana vikawa kimoja.

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi.

Maana kuna jambo sijaliandika. Dada yangu ana mimba ya miezi saba. Mwaka jana alijifungua mtoto hakulia. Tangu mimba hii iingie, mamdogo amekuwa akimtunza kama yai. Hamruhusu kubeba maji, hamruhusu kuinama. Na kila asubuhi wachimbaji wakishakunywa, mamdogo anamwekea dada kikombe chake cha mwisho, anachota chini kabisa, anasema, "Chini ndiyo kwenye nguvu. Hii ni ya mjukuu wangu." Na mimi chupa A niliichota wapi? Chini kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo, na kwa maneno hayo hayo kichwani.

Zebaki ni nzito. Inakaa chini. Kitu nilichokisoma Kidato cha Pili kwenye sura ya densiti, nikapata alama nzuri.

Mwalimu alikuwa sahihi kwamba kisahani A kinaua. Kinaua kweli.

Dada alitoka ndani akiwa ameshika kiuno. "Unafanya nini hapo chini na sare? Utafua wewe."

Nikamwonyesha karai. Nikaongea. Nilianzia katikati, nikarudi mwanzo, nikaruka, maneno yalikuwa yanagongana. Kitambaa, kisahani, ndoo, chini. Dada alisikiliza akiwa amesimama, halafu akasema polepole, "Mtoto anacheza. Amecheza leo mchana. Ni mzima."

"Sijasema si mzima."

"Basi unasema nini? Unanitakia nini wewe?"

"Usinywe tu. Dada, usinywe."

"Na wa mwaka jana? Wa mwaka jana sikunywa chochote!" Akaingia ndani, akaubamiza mlango.

Sijui zebaki inafanya nini kwa mtoto aliye tumboni kwa kiasi cha kikombe kimoja. Mwalimu wa kemia alituambia tu kwamba mwanamke mjamzito asiisogelee. Hakutuambia kiasi.

Mamdogo alirudi saa kumi na mbili. Nilikuwa nimeshalifunika karai kwa sinia. Nilimpa maji ya kunawa, nikamwekea chai, nikamtazama anavyomimina, mkono wake ukitetemeka mpaka chai ikaingia kwenye kisosi. Unatetemeka siku nyingi. Huwa anasema ni uzee, na hata miaka arobaini na tano hajafikisha. Nikafunua sinia.

"Nini hiki?"

"Kimetoka kwenye ndoo ya dawa."

Aliinama akakitazama. Anaijua zebaki kuliko mwalimu yeyote. Kisha akacheka, kicheko kifupi.

"Karai lenyewe ni la zebaki. Ulitarajia kukuta maziwa?"

"Hili ni la kuogeshea mtoto. Ulilinunua wiki iliyopita, halijafika mwaloni."

Akaligusa karai kwa kidole. Nikadhani ameelewa. Nikaendelea, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilisema, "Unamlisha dada sumu." Nilisema hivyo, kwa maneno hayo. Ningeweza kusema kitambaa kina shida. Ningeweza kusema tununue chujio. Lakini nilikuwa nimejaa, na mtu aliyezoea kunyamaza hajui kupima.

Mamdogo akasimama. "Mimi? Mimi namlisha sumu? Nani alikesha naye mwaka jana? Nani alimshika mkono mpaka asubuhi, wewe ukiwa umelala? Mikono hii inashika zebaki miaka kumi na minane, nimekufa? Sare uliyovaa imetoka wapi? Daftari unaloniringia limetoka wapi?"

"Mamdogo, kitambaa..."

"Kitambaa kimeshika dhahabu! Kitu kinachoshika dhahabu kinakuwaje kichafu? Nakifua, nakichemsha, unakiona cheupe kuliko hilo shati lako! Na huko shuleni kwenu si ndiyo hawa wameisifu dawa? Rafiki yako amepita kule mwaloni, ameniambia mwenyewe, dawa ya bibi imeua wadudu wote, mtoto anaenda mkoani. Sasa ni dawa au ni sumu? Chagueni!"

Hapo nilishindwa. Maana alikuwa na haki ya kuuliza. Shule imesema dawa. Ukurasa unaosema vingine una mstari mwekundu toka kona mpaka kona, na aliyekubali ukatwe ni mimi.

Akatoa kitambaa kwenye kamba. Akachuja dawa ya kesho mbele yangu, akinitazama. Nilisikia maji yanavyodondoka kwenye ndoo.

Nina hasira. Naandika hivi kalamu inatoboa karatasi. Nina hasira na Mwalimu, ambaye alikuwa na visahani viwili mkononi, kimoja kinasema kweli na kingine kinasema uongo, akachagua kilichopendeza. Yeye amesoma chuo kikuu. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba kama matokeo mawili hayafanani unauliza kwa nini. Tuliandika ubaoni, tukapigia mstari. Nina hasira na watu wanaouza zebaki kwenye vichupa vya dawa ya macho pale mwaloni, anapita mtu na begi kama muuza karanga, hakuna neno hata moja kwenye kichupa. Nina hasira na mamdogo kwa kuwa mkali na kwa kuwa mwema, maana angekuwa mbaya tu ningejua la kufanya. Nina hasira kwamba majani ya bibi, yale ya kweli, yana nguvu yake ndogo ya haki, upana wa kichwa cha kiberiti, na hakuna mtu aliyetaka kuiona. Kapete. Kale kapete kalikuwa ndiyo kazi ya bibi yote. Mtu anayechota juu na kumwaga chini kwa miaka yote hiyo, akaitwa hajui, na sisi tunaochota chini ndiyo tumesoma.

Na nina hasira na mimi. "Hakuna kitu, Mwalimu." Kulikuwa na kitu.

Nilimpigia bibi kwa simu ya dada kabla ya kula. Alipokea akipiga kelele kama kawaida, anadhani umbali unahitaji sauti. Nikamwambia mamdogo anachuja kwa kitambaa cha zebaki.

"Nilimwambia achote juu," akasema. "Nilimwambia kabla hajaondoka hapa. Akasema wateja wengi, hana muda wa kusubiri itulie." Kisha akasema, sasa kwa sauti ya chini, "Dada yako mpeleke hospitali. Mimi si hospitali."

Asubuhi ya Alhamisi niliamka kabla ya watu. Nilivaa gauni badala ya sare. Mwalimu alikuwa ananisubiri saa moja na nusu niandike bango, acha asubiri.

Saa kumi na mbili na nusu mchimbaji wa kwanza akakaa kwenye benchi, mtu wa Bukombe, mrefu, ambaye huwa ananiita bubu kwa utani. Mamdogo alikuwa ndani anatafuta vikombe. Nikasimama mbele yake.

"Kaka, usinywe hiyo dawa. Ina zebaki."

Akanitazama kama mbuzi ameongea. "Bubu! Kumbe una sauti?" Akawageukia wawili waliokuwa wanafika. "Jamani, bubu kasema! Eti dawa ina zebaki."

"Zebaki si ndiyo tunalalia," mmoja akasema. "Labda tutakohoa dhahabu."

Wakacheka mpaka mmoja akaanza kukohoa, akakohoa, akashika ukuta. Mamdogo akatoka na vikombe. Alikuwa amesikia. Hakunipiga, hata hakunitazama. Akachota akawapa, nao wakanywa wote watatu, wakasema wabeja. Nilisimama pale nikawaona wakinywa. Sikuimwaga ndoo. Nilikuwa nimepanga kuimwaga, nikashindwa. Naiandika hivyo ilivyo.

Halafu akachota chini, akajaza kikombe cha mwisho, akamnyooshea dada aliyekuwa amesimama mlangoni. Dada alikuwa amejifunga kitenge, na mkononi alikuwa na kadi ya kliniki. Siku yake ya kliniki ilikuwa wiki ijayo.

"Nitakunywa nikirudi," dada akasema.

"Itapoa."

"Ipoe tu, Mamdogo."

Akatoka. Nikamfuata. Alitembea akiwa ameweka mkono juu ya tumbo, mimi nikitembea upande wa barabara yanakopita malori ya mawe.

Kliniki kulikuwa na akina mama kama ishirini kwenye mabenchi. Zamu yetu ilipofika, nesi aliipokea kadi, akaitazama, akasema kwa sauti ya watu wote, "Mama, wewe siyo leo. Una tatizo gani?"

Dada akanishika mkono. Akanitazama. Benchi lote likanitazama. Nesi naye akanitazama.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Haya, sema wewe basi."

Nikasema. Nilianza na majani, kwamba majani hayana kosa, ni ya bibi. Nikasema kuhusu kitambaa, kwamba ni cha kukamulia zebaki, na kwamba ninayekipeleka na kukirudisha ni mimi. Nikasema kuhusu kikombe cha chini, kila asubuhi, miezi mitano. Nesi akaacha kuandika. Akamuuliza dada kama vidole vinakufa ganzi, kama mdomoni anasikia ladha ya chuma, na dada la kwanza akatikisa kichwa, la pili akakubali, na machozi yakamtoka. Nesi akainuka, akasema ngoja nimwite daktari, msiondoke. Mlangoni akageuka.

"Na wengine wangapi wanakunywa hiyo?"

Nikaanza kumhesabia.